Ulinzi wa Lori la Baba

Kupata mali ni kazi, na kuitunza ni kazi ya pili isiyo na likizo. Mkulima akivuna mahindi hana budi kuyalinda na panya. Mfugaji akinunua ng'ombe hana budi kujenga zizi kabla ya usiku kuingia. Walakini ziko mali ambazo mwenyewe huzifungia milango yote, akalala na funguo chini ya mto, na mwivi akapata njia kwa mlango mmoja ambao hakuna mhunzi aliyepata kuutengenezea kufuli. Mlango huo ni kinywa cha mtu wa nyumbani. Nilijifunza jambo hili nikiwa na umri wa miaka kumi na minne, na lililonifunza ni lori moja kuukuu la kijeshi. Somo lenyewe lilikuwa ghali, na aliyelipa ada yake alikuwa mtu mwingine. Ndiyo sababu nimeona haya kukaa nalo peke yangu, nikaamua kuwaandikia ninyi vijana msomao.

Kwetu ni Adungosi, kwenye barabara itokayo Busia kwenda Malaba, katika ukingo wa magharibi wa Kenya. Miji hii miwili ni kama milango miwili ya nyumba moja. Malaba hupitwa na reli, na hupitwa na magari makubwa yatokayo bandari ya Mombasa kwenda Uganda na nchi zilizo mbele yake. Busia nayo ina malori yake, na soko lake, na waendesha baiskeli ambao walilipa jina la boda boda kwa kuwavusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Mtoto aliyezaliwa baina ya miji hiyo huzijua sauti za injini kabla ya kuzijua herufi. Husikia gari usiku akiwa kitandani, akasema, "Hilo limebeba mzigo," au, "Hilo ni tupu," wala hakosei.

Baba alinunua lori lake mwaka wa 1996 kwa mfanyabiashara mmoja wa Eldoret, ambaye naye alikuwa amelinunua kwa mwingine. Lilikuwa Bedford aina ya RL, ukoo wa malori yaliyoanza kutengenezwa Uingereza katika miaka ya 1950 kwa matumizi ya jeshi. Uso wake ulikuwa bapa kama uso wa mtu asiyependa mzaha. Rangi yake ya kijani ilikuwa imefifia, na mahali ilipobanduka palionekana kijani kingine cha zamani zaidi, kana kwamba lori lilikuwa limevaa sare mbili. Lilikuwa na magurudumu manne makubwa, yote yakisukumwa na injini, hata likapita katika matope ya mwezi wa Aprili ambamo malori mapya yalizama na kulala. Lilikunywa petroli bila huruma. Lakini lilibeba mchanga, likabeba matofali, likabeba mahindi na mihogo siku za soko. Nasi tulikula, tukavaa, na dada zangu wawili wakasoma. Kwa hiyo mtu akilisikia Baba akiliita lori hilo "mzee mwenzangu" asidhani alikuwa akitania.

Gari la namna hii lina udhaifu mmoja ambao mgeni hautambui. Magari mengi ya kijeshi ya zamani hayakupewa ufunguo. Walioyaunda walikuwa na sababu njema. Vitani dereva akiuawa, mwenzake lazima aweze kupanda na kuliondosha gari mara moja, wala hana nafasi ya kupekua mifuko ya marehemu. Basi swichi ikawekwa ya kuzungushwa kwa mkono, na kila askari akawa na haki ya kuiwasha. Hekima hiyo ya vitani ikawa hatari sokoni, maana swichi haijui tofauti kati ya askari na mwivi.

Baba alikuwa akisema kwamba maadui wa gari ni watatu. Wa kwanza huliondosha lote. Wa pili huondosha kiungo kimoja: betri, tairi, taa, au petroli, ambayo huinyonya kwa mpira kutoka tangini gizani. Wa tatu hugusa, akalegeza, akaondoka na kukiacha kitu mahali pake. Huyu wa tatu ndiye mbaya kuliko wote. Mwivi wa betri hukuachia pengo, nawe asubuhi ukalaani na kununua nyingine. Aliyelegeza kitu akakiacha hukuachia hatari iliyovaa nguo za usalama, ukaipanda mwenyewe na kuiendesha.

Kwa kila adui Baba aliweka kinga. Kwa adui wa kwanza alikuwa na rota. Ndani ya injini ya petroli kuna chombo kiitwacho distribiuta, ambacho kazi yake ni kuzigawia plagi umeme kwa zamu. Katikati yake kuna kipande kizungukacho, kidogo kiasi cha kutoshea katika kiganja cha mtoto, nacho ndicho rota. Ukikiondoa, injini yaweza kuzungushwa mpaka betri ife, wala haitawaka, kwa kuwa umeme hauna njia ya kuzifikia plagi. Kila jioni Baba alifunua injini, akakitoa kipande hicho, akakifuta kwa kitambaa na kukitia mfukoni mwa shati. Tulipokuwa tukila ugali, lori zima lilikuwa limekaa nasi mezani. Nilipokua nilisoma kwamba jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka wa 1940, Ufaransa iliposhindwa vitani na Waingereza wakaogopa kuvamiwa, serikali yao iliamuru kwamba mtu asiache gari lake bila kuling'oa kiungo kama hicho, ili askari wa adui wakishuka kwa miavuli wasikute usafiri umewangoja njiani.

Kwa adui wa pili alikuwa na mnyororo uliopita katika gurudumu la akiba na kuzunguka fremu, na kufuli juu ya sanduku la betri, na kufuli jingine juu ya kifuniko cha tangi. Tairi zote zilichomwa kwa chuma cha moto zikaandikwa namba ya gari, ili mwivi akiziuza zimseme. Usiku lori liliegeshwa nyuma yake ikiwa karibu na ukuta, na mawe yakawekwa mbele ya magurudumu. Tena chini yake alilala utingo wetu, juu ya mkeka, akiwa amejifunika turubai. Huyu alikuwa kijana wa upande wa Uganda, karibu na Tororo, mwenye lugha moja nasi, Kiteso. Alikuwa amefanya kazi kwa Baba miaka mitano. Sitalitaja jina lake, ingawa yeye ndiye anayestahili kutajwa kuliko sote.

Kwa adui wa tatu Baba alikuwa na nyundo ndogo. Kila asubuhi kabla ya kuwasha injini alilizunguka lori, akagonga kila nati ya kila gurudumu. Nati iliyokaza hulia kwa sauti kali. Iliyolegea hutoa sauti butu kama ya chungu chenye ufa. Alizisikiliza kama mwalimu asikilizavyo wanafunzi wakisoma mmoja mmoja.

Kulikuwa na kinga nyingine tena, ambayo haikuwekwa na Baba. Katika malori ya Bedford ya zamani hizo nati za magurudumu ya upande wa kushoto zilichongwa kinyume na desturi. Nati ya kawaida ukiizungusha kuelekea kushoto hulegea. Hizi ukizizungusha hivyo huzidi kukaza. Mwivi asiyejua angetoa jasho mpaka kuku wa kwanza awike, akizikaza nati kwa nguvu zake zote na kudhani anazifungua. Baba alinionyesha siri hiyo siku nilipotimiza miaka kumi na mitatu, akaniambia, "Haya ni mambo ya nyumba hii." Wengine walioijua ni fundi wetu na utingo. Basi tulikuwa wanne.

Sasa nitaeleza jinsi tulivyozidi wanne.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa Agosti, mwaka wa 2003. Wiki iliyotangulia Baba alikuwa ametia tairi mpya mbili nyuma, kwa fedha za mkopo. Siku ya soko nilikaa chini ya mwembe, kwa fundi wa baiskeli, pamoja na vijana walionizidi umri. Mazungumzo yakageukia malori. Mmoja wao, ambaye sikuwa namfahamu vema, akacheka na kusema kwamba lori la baba yangu ni chuma chakavu, hata nati zake zimeshikwa na kutu na hazifunguki tena. Moyo wangu ukawaka. Kama angelitukana jina langu huenda ningenyamaza, lakini alilitukana lori.

Nikasema, "Hazina kutu hata kidogo. Za upande wa kushoto hufunguliwa kinyume. Ni kama pedeli ya kushoto ya baiskeli, muulize fundi."

Fundi akaitika kwa kichwa, maana ni kweli kwamba pedeli ya kushoto ya baiskeli huzungushwa kinyume. Wote wakanitazama kwa heshima, nami nikanogewa na heshima ile. Nikaendelea. Nikasimulia habari za rota, na jinsi ambavyo hakuna awezaye kuliondosha lori letu. Nikaeleza kwamba tairi ni mpya. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba Ijumaa utingo hulala kwao. Yule kijana hakusema neno tena. Alininunulia andazi. Nililila lote, na mpaka leo silipendi andazi.

Ijumaa iliyofuata usiku mbwa wetu alibweka. Baba akatoka na tochi, nami nikamfuata. Tulilizunguka lori. Betri ilikuwapo. Gurudumu la akiba lilikuwa katika mnyororo wake. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimefungwa. Baba akagusa mfuko wa shati lake, akaikuta rota, akasema, "Ni fisi tu," tukarudi kulala. Tochi humulika umbo la nati. Haimuliki kukaza kwake.

Asubuhi utingo alirudi mapema, tukapakia matofali ya kupeleka Malaba, ambako mtu alikuwa akijenga duka. Mafundi walikuwa wakingoja, na mawingu yalikuwa yamekusanyika upande wa Uganda juu ya mwamba wa Tororo. Baba aliishika nyundo yake, akatazama mbingu, akairudisha chini ya kiti. Nadhani katika miaka yote saba hiyo ndiyo asubuhi pekee niliyomwona akifanya hivyo. Aliirudisha rota mahali pake, injini ikawaka, tukaenda. Mimi nilikaa mbele pamoja naye. Utingo alikaa juu ya matofali.

Tulipokuwa tukiteremka mteremko mmoja kabla ya Malaba, tulisikia bodi ikigongwa mara mbili. Baba alidhani utingo ameona abiria. Ikagongwa tena, kwa nguvu, lakini injini ilikuwa ikinguruma, na breki zikilia, na hatukusikia maneno. Ndipo nilipomwona utingo katika kioo cha pembeni: alikuwa ameruka chini, ameanguka, ameinuka, anakimbia kando ya lori na mkono mmoja ukining'inia, akipunga ule mwingine. Baba akakanyaga breki polepole. Lori lilikuwa limekwisha kupunguza mwendo pale lilipoinama upande wa kushoto kama mtu aliyepigwa gotini, likaburura chuma juu ya barabara, likasimama mtaroni. Gurudumu la nyuma lilitupita, likaruka mtaro, likapita mbele ya mama mmoja aliyebeba kikapu kichwani, likagonga ukingo wa udongo na kulala. Kikapu kilianguka. Mama yule hakuguswa. Matofali yalitawanyika mteremko mzima.

Hakufa mtu. Lakini mkono wa utingo ulikuwa umevunjika.

Jioni ile walikusanyika nyumbani wazee watatu, na fundi, na Baba. Fundi alitazama misumari ya gurudumu, akasema kwamba nati zilifunguliwa kwa spana, hazikulegea zenyewe, na aliyezifungua alijua zinakozunguka. Baba akahesabu kwa vidole: yeye mwenyewe, fundi, ambaye usiku ule alikuwa Bungoma msibani, mimi, ambaye nilikuwa kitandani, na utingo. Akabaki na kidole kimoja.

Mzee mmoja akauliza, "Kwa nini aliruka? Aliyejua kwamba gurudumu litatoka ndiye arukaye kwanza."

Mwingine akasema, "Isitoshe, ni mtu wa ng'ambo."

Ng'ambo! Kutoka kwetu mpaka kwao utingo ni mwendo wa asubuhi moja kwa baiskeli. Mwaka wa 1902 watawala wa Kiingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia upande huu, bila kumwuliza yeyote wa babu zetu; na baada ya miaka mia moja, wajukuu wa babu hao walikaa uani kwetu wakautumia mstari ule kama ushahidi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Nilijua kwa nini ameruka: aliruka ili aonekane katika kioo, kwa kuwa hakusikika. Nilijua pia ni nani aliyeongeza vidole katika hesabu ya Baba. Ulimi wangu, uliokuwa mwepesi chini ya mwembe, ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Utingo aliporudi kutoka hospitali, mkono ukiwa katika plasta, Baba alimpa mshahara wa mwezi ule akamwambia aende. Hakumtukana, wala hakumpeleka polisi, na yeye mwenyewe aliona kwamba amefanya upole. Utingo hakubisha. Alikunja mkeka wake kwa mkono mmoja. Aliponipita alisema, "Soma kwa bidii, mdogo wangu." Nikamjibu, "Asante." Hilo ndilo neno nililoweza kulitoa.

Nilikaa na siri ile miezi minne. Nilirudi shule, nikapata alama nzuri, nikasifiwa mbele ya darasa, na kila sifa iliniwasha kama upupu. Mwivi hakukamatwa, na yule kijana wa andazi hakuonekana tena sokoni. Hakuna aliyeniuliza, na hakuna ambaye angeniuliza. Ni jambo la ajabu kwamba mtu huweza kustahimili swali la hakimu kuliko kutokuulizwa na mtu yeyote.

Mwezi wa Desemba, jioni moja, Baba alikuwa akiifuta rota. Nikamweleza yote, kuanzia nati mpaka andazi. Hakunipiga. Aliendelea kuifuta rota muda mrefu, ingawa ilikuwa imekwisha kutakata.

Mwishowe akauliza, "Umelala na neno hili tangu Agosti?"

"Ndiyo, Baba."

"Nami nimelala na kosa langu tangu Agosti, wala sikujua. Kesho tutavuka."

Tulivuka daraja la Malaba kwa miguu, Baba akiisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi, na katika shati lake mkiwa na mshahara wa miezi minne. Tulimkuta utingo kwa mama yake, karibu na Tororo. Mkono wake ulikuwa umeunga, lakini umepinda kidogo. Tulipewa viti na maji. Baba alisimama, akavua kofia, akasema mbele ya mama yule na majirani, "Kijana wangu, nilikushitaki moyoni mwangu, nikakuhukumu, nikakufukuza, nawe ndiye uliyetuokoa. Mwanangu ana neno lake." Nami nikasema neno langu. Sikumbuki nilivyolisema. Nakumbuka kwamba kuku walikuwa wakila karibu na miguu yangu na kwamba niliwatazama wao.

Utingo alinyamaza, kisha akamwambia Baba, "Mzee, ulihesabu watu wanaojua nati. Hukuhesabu usiku niliolala chini ya lori lako."

Baba hakuwa na jibu. Alimwomba arudi kazini. Utingo aliipokea fedha, kwa kuwa ilikuwa haki yake, akayapokea mahindi kwa niaba ya mama yake, lakini kurudi alikataa kwa adabu. Alisema amepata kazi ya kupakia mizigo Tororo, naye hapendi tena kulala chini ya gari la mtu. Tulipoaga alinishika bega kwa ule mkono uliopinda, akasema, "Wewe umekuja kwa miguu yako. Hilo nalo nitalikumbuka."

Msomaji, usidhani kwamba kuungama huyarudisha mambo yalivyokuwa. Lori lilipata utingo mwingine, lakini Baba hakupata tena mtu wa kulala usingizi kwa sababu yake. Jambo moja tu lilibadilika kwa faida. Tuliporudi, Baba alinipa kopo la rangi nyeupe na brashi. Aliniamuru nipake mstari mmoja mwembamba juu ya kila nati, uendelee mpaka kwenye gurudumu lenyewe. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari hukatika, na jicho huona hata bila nyundo. Siku hizi magari makubwa hufungwa viashiria vya plastiki juu ya nati, vyenye ncha zinazoelekeana, kwa kazi iyo hiyo. Kila nipitapo kando ya lori lenye viashiria hivyo nahisi harufu ya rangi nyeupe.

Lori lilistaafu mwaka wa 2012, na sasa limeegeshwa chini ya mti nyumbani. Hata katika uzee wake halikosi wachumba. Wauzaji wa vyuma chakavu hulitazama kama mwenye njaa atazamavyo sahani. Tamaa ya chuma imeharibu mengi katika nchi yetu. Nguzo za umeme, reli na madaraja yamewahi kung'olewa vipande, hata mwezi wa Januari 2022 serikali ya Kenya ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Baba, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea mkongojo, bado huitia rota mfukoni kila jioni. Injini haijawaka miaka mingi. Nilipomwuliza kwa nini anajisumbua, alisema, "Mkono umezoea, tena mwivi hajui kwamba haliwaki."

Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, nikarudi kufundisha katika wilaya hizi hizi za mpakani. Siku za Jumamosi hupita Malaba, nikaona jinsi ulinzi wa magari ulivyogeuka elimu kubwa. Tangu mwaka wa 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia kwa pamoja mtambo wa kufuata mizigo kwa lakiri za elektroniki: mlango wa kontena ukifunguliwa njiani, afisa aliye mbali hupata habari. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa na marais wa nchi mbili mwezi wa Februari 2018, ili magari yakaguliwe mahali pamoja na yasikeshe barabarani. Haya yote ni mambo mema. Hata hivyo, mwaka wa 2020, wakati madereva walipokuwa wakipimwa ugonjwa wa korona, foleni ya malori ilirudi nyuma kutoka Malaba kwa makumi ya kilomita, nami nikaona mambo niliyoyajua tangu utotoni. Utingo walilala chini ya magari juu ya mikeka. Tangi zilikuwa na kufuli. Alfajiri dereva mmoja mwenye mvi alilizunguka lori lake jipya, lenye kila chombo cha kisasa, akigonga nati kwa nyundo ndogo na kuinamisha kichwa ili asikie.

Lakiri huweza kusema mlango umefunguliwa. Haiwezi kusema ni nani aliyemwambia mwivi saa ya kuja. Na watu wanapokaa kuitafuta sababu, aghalabu humpata kwanza yule aliye mbali nao kwa lugha, au kwa ukoo, au kwa upande wa mto. Mali iliyoibwa hununuliwa nyingine. Tairi ile ya Baba ilirudishwa siku ile ile na hata haikutoboka. Lakini usiku wa miaka mitano ambao kijana yule alilala juu ya mkeka kwa ajili yetu hatukuweza kuununua tena, tukiwa na fedha mkononi na kofia chini.

Kwa hiyo, wewe kijana, kama kwenu kuna gari kuukuu, au duka, au hata jogoo mmoja tu, kagua kufuli zake jioni na nati zake asubuhi, hata kama mvua inakuja. Mambo ya nyumba yenu yaache nyumbani, hasa unapochokozwa. Na ikiwa siku moja utakuwa umesimama nyuma ya mlango, ukisikia mtu akihesabiwa kwa kosa ulilolifungulia njia wewe, usingoje mwezi wa Desemba. Toka usiku ule ule, kabla mkeka haujakunjwa.